Shimo la hetzi 500

Haya wadau, salaam toka chumbani, saa sita usiku, rumeti anakoroma. Nimekuwa kimya wiki mbili. Siyo kwamba niliwasahau, nilikuwa na aibu. Leo naitema.

Mnajua mimi ndiye nimejipa cheo cha fundi spika hapa idarani. Mwezi uliopita tulifunga spika mbili mpya kwenye ukumbi wa mihadhara, nikaazima maiki ya kupimia, nikafungua laptopu, basi najiona injinia kamili. Stendi nikaibana nyuma kabisa, karibu na ukuta, ili isizibe njia. Spika zikapiga ule mluzi wa kupanda, mchoro ukatoka na shimo kubwa kwenye hetzi 500. Nikasema spika mbovu hizi! Nikapandisha ikwalaiza desibeli 9 pale pale, mchoro ukanyooka, nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Jumatatu baada ya kipindi, rafiki yangu mmoja asiyeona, anakaa mstari wa tatu, akaniuliza: "Kaka, leo mwalimu alikuwa anaongelea ndani ya pipa? Nimeambulia nusu." Jamani. Sisi wengine tukikosa neno tunatazama ubaoni. Yeye masikio ndiyo ubao wake, na test ilikuwa wiki mbili mbele.

Jioni nikarudi ukumbini na futi kamba. Maiki ilikuwa sentimita 17 kutoka ukutani. Sauti inapita kwenye maiki, inagonga ukuta, inarudi: sentimita 34 za ziada. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo inarudi imechelewa kama milisekunde moja. Kwa hetzi 500 hiyo ni nusu ya wimbi, moja linapanda wakati lingine linashuka, yanauana. Nikasogeza maiki hadi sentimita 34, shimo likahamia 250! Yaani spika hazikuwa na kosa. Shimo lilikuwa la pale maiki iliposimama tu, ila dawa yake niliwanywesha watu wote. Irabu zikavimba, konsonanti zikamezwa.

Jumamosi tukarudia, safari hii na yeye. Ikwalaiza nikairudisha sifuri. Maiki nikaiweka kwenye viti wanapokaa watu, kimo cha sikio la mtu aliyekaa, kama mita 1.2, mbali na kuta na meza. Nikakwepa katikati kabisa ya ukumbi, maana pale baadhi ya besi hupotea zenyewe. Spika moja moja, maana zikilia pamoja nazo zinauana. Sehemu sita, halafu wastani. Kilichojitokeza kote sita ndicho nilichogusa: kivimbe kidogo cha besi, nikapunguza desibeli 3. Basi!

Kisha nikamsomea kurasa mbili za noti kupitia maiki ya mwalimu, yeye akihama kiti hadi kiti. Mstari wa tatu akainua dole gumba. Nyuma ukutani akacheka: "Huku bado pipa kidogo, ila huku hakai mtu."

Test tulifanya jana, majibu bado. Vipindi vile viwili vya pipa nilimsomea mwenyewe, noti zangu zote, na nikamwomba radhi. Kasema nimpe soda. Nimempa mbili.

Wenye spika mabwenini: kabla hujagusa ikwalaiza, sogeza maiki kwanza. Tuonane wiki ijayo, inshallah.