Philadelphia Kusini, Alikojifunza Gitaa Mara Mbili

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Philadelphia, mashariki mwa Marekani, usiishie katikati ya mji kwenye ile kengele yenye ufa ambayo kila mgeni hupelekwa kuitazama. Shika njia ya kusini, uufuate Mtaa wa Tisa. Utaingia katika soko la wahamiaji wa Kiitalia, ambako mboga, samaki na jibini huuzwa kandokando ya barabara. Ukilipita soko, utazikuta nyumba nyembamba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, hata mlio wa redio ya jirani hukufikia.

Katika mitaa hii alizaliwa mpiga gitaa Pat Martino, tarehe 25 Agosti 1944. Baba yake, mwimbaji wa vilabuni, alipata kufundishwa kidogo na Eddie Lang, mzaliwa wa huko huko na mmoja wa waasisi wa gitaa la jazi. (Nasema jazi ya Marekani, siyo lile neno lililopamba majina ya bendi zetu, kama Morogoro Jazz.) Philadelphia ulikuwa pia mji wa ogani. Mpiga ogani hupiga besi mwenyewe, hivyo bendi hutimia kwa watu watatu: ogani, gitaa na ngoma. Martino alikulia katika bendi za namna hiyo, na mwaka 1967 ikatoka sahani yake ya El Hombre.

Mwaka 1980 akafanyiwa upasuaji wa ubongo, kwa sababu ya kasoro ya mishipa ya damu. Alipozinduka hakuwatambua wazazi wake, wala hakukumbuka kwamba amewahi kushika gitaa. Akarudishwa kwao. Yeye akiwa kitandani ghorofani, baba yake alizipiga sahani za mwanawe chini, na sauti ikapenya kuta na sakafu. Wengi huisimulia habari hii kana kwamba muziki ulimponya papo hapo. La, hasha. Sauti ile ilimkumbusha mtu ambaye hakujua kama aliwahi kuwa yeye. Ilimchukua miaka kujifunza upya, mwalimu wake akiwa sahani zile zile, hata alipopanda tena jukwaani New York mwaka 1987 na kurekodi The Return.

Sahani yake Formidable ilitoka mwaka 2017, baada ya miaka 11 bila kurekodi studio. Ogani ipo, ya Pat Bianchi. Na wimbo wa El Hombre umo tena, nusu karne baadaye. Isikilize baada ya ile ya 1967, msomaji. Kijana anakimbia, mzee, kwa sikio langu, anajua mahali pa kunyamaza. Mwaka uliofuata maradhi ya kifua yalimtoa jukwaani, naye akafariki mjini mwake tarehe 1 Novemba 2021.