Altezza ya Mbinga, Bibi Harusi na Mkanda Usiokazwa kwa Nguvu

Wapo vijana wanaoijua gari yao kwa mlio wa ekzosi tu. Jamaa mmoja wa Mbinga mjini, jina kapuni, alikuwa hivyo hivyo mpaka wiki ya harusi ya mdogo wake.

Gari yenyewe ni Altezza nyeupe, RS200, gia sita za mkono. Toyota waliitengeneza kuanzia 1998 mpaka 2005, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Injini yake ni 3S-GE ya lita mbili, na hii ya gia za mkono inatoa farasi 210 bila turbo. Mwamba akipita stendi lazima watu wageuke. Hela ya kuinunua ilitoka kwenye kahawa, mavuno ya misimu mitatu ya shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Hilo ukoo mzima unalijua, na shangazi yake hachoki kulikumbusha.

Sasa, mdogo wake alikuwa anaolewa Mbamba Bay, Jumamosi. Jamaa alishaahidi mbele ya kikao cha familia kwamba bibi harusi atashuka ziwani kwa Altezza. Riboni zilishanunuliwa, mpiga picha alishalipwa advansi.

Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay siku hizi ni lami, kilometa 66 hivi, ila sio ya kuchezea. Mbinga iko juu milimani, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 na ushee. Maana yake unashuka, kona juu ya kona, gari umeishikilia kwa gia ndogo na injini inalia.

Alhamisi asubuhi, kibaridi cha Mbinga kile, gari ikawashwa ikatoa mlio mpya. Tak-tak-tak, mbele ya injini, sekunde kadhaa, kisha kimya injini ilipopata moto. Washkaji wakasema ni baridi tu. Mmoja akajifanya mjuzi: "Hiyo taiming belti imelegea. Kaza kidogo, unafika Mbamba Bay na kurudi."

Kwa wasiojua, taiming belti ni mkanda wa mpira wenye meno. Unaunganisha kranki iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamu zilizo juu, zinazofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamu zinazunguka mara moja, bila kupishana hata jino. Mkanda ukilegea unaweza kuruka. Ukiruka meno ya kutosha au ukikatika kwenye injini kama hii, pistoni zinapiga valvu, valvu zinapinda, na hapo ndo unaanza kuulizia bei ya injini ya mtumba. Na ikikutokea mteremkoni ni balaa zaidi, maana injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki ukishazikanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama jiwe.

Jamaa akapeleka gari kwa fundi mmoja mzee, gereji ya chini ya mwembe, isiyo hata na kibao.

"Shikamoo mzee. Naomba unikazie taiming belti."

"Marahaba. Zima hiyo kwanza, ipoe."

Ikapoa. Mzee akatoa kava, akamulika na tochi ya simu, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Nani kakwambia ikazwe?"

"Washkaji."

"Hii haina pa kukazia, bwana mdogo."

Na kweli haina. Gari za zamani zaidi zina puli yenye springi. Unalegeza bolti ya puli, springi inavuta mkanda yenyewe, unazungusha injini kwa mkono, ndipo unafunga bolti. Kipimo cha mafundi wengi pale ni kuushika mkanda kwa vidole viwili sehemu iliyo ndefu na kuupinda: ukifika robo mzunguko ukagoma, uko sawa. Ukipinda kirahisi kuzidi hapo umelegea, usipofika umekazwa mno. Na uliokazwa mno ni ugonjwa vilevile. Unapiga mluzi, unakula beringi za puli, na unachoka kabla ya siku zake.

Altezza hiyo kazi imepewa tenshena ya mafuta, kakopo kadogo kenye fimbo inayosukuma puli muda wote ili mkanda ukae sawa, iwe baridi iwe joto. Mzee akaifungua, akaigeuza. Ilikuwa imelowa mafuta. Akaisimamisha mezani fimbo ikiwa chini, akaigandamiza kwa mikono miwili. Fimbo nzima haitakiwi kusogea. Hii ikazama kama kitufe cha rimoti. Mlio wa asubuhi ndo ulikuwa huo, mkanda unapiga makofi mpaka tenshena ijikongoje.

Mkanda nao kingo zilishaanza kutoka nyuzi. Toyota nyingi za Japani za mkanda hupangiwa kubadilishwa kwenye kilometa 100,000. Dashibodi ya jamaa inasoma 96,000, ila stika ya kuonyesha ulibadilishwa lini haikuwepo, na gari ina miaka zaidi ya ishirini. Mpira unazeeka hata gari ikilala tu.

"Spea?" jamaa akauliza.

"Kariakoo. Ukituma hela leo, inapanda basi kesho. Hapa Jumamosi asubuhi. Kazi yenyewe siku nzima."

Jumamosi asubuhi ndo bibi harusi anatakiwa awe njiani.

Jamaa akabembeleza. Mzee atie hata washa nyuma ya puli, afunge, kilometa 66 tu. Mzee akamrudishia funguo mkononi. "Mimi siwezi. Ukitaka kakaze mwenyewe, ila mtoto wa watu asipande humo."

Usiku ule nyumbani kulikuwa na maneno. Shangazi akaanza wimbo wake wa kahawa ya marehemu. Mjomba akasema gari ikishaahidiwa imeahidiwa, watu wa upande wa pili watatuonaje. Jamaa angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine pale aliyesikia maneno ya mzee. Riboni zipo, picha zinangoja, gari ikipata moto inanguruma vizuri tu. Akamvuta mdogo wake pembeni, akamwambia yote, mpaka ile ya breki.

Binti akamsikiliza, akauliza swali moja: "Kaka, wewe ungenipandisha?"

"Hapana."

"Basi yameisha."

Akashuka na Noah ya binamu yao, ile inayobeba magunia ya kahawa, inanukia kahawa mpaka kwenye shela. Jamaa akakaa siti ya nyuma kabisa na keki mapajani. Ukumbini kuna waliocheka, na video ipo. Insta yake ilikaa wiki tatu bila picha.

Jumatatu akarudi chini ya mwembe, na mzee akamvalisha ovaroli. Tenshena mpya ikabanwa taratibu kwenye jiriwa mpaka matundu yakakutana, kikapitishwa kipini chembamba. Alama za kamu na kranki zikalinganishwa, mkanda ukavishwa, tenshena ikafungwa, kipini kikachomolewa. Jamaa akanyoosha mkono kuchukua funguo awashe.

"Wee! Spana kwanza."

Sheria ya mzee ni hii: kabla ya funguo, mizunguko miwili ya kranki kwa spana, upande injini inaozungukia, polepole. Ukikuta kitu kinagoma, simama, usilazimishe. Ikizunguka miwili kamili, alama zote lazima zirudi pale pale. Jamaa akazungusha mwenyewe, jasho linamtoka. Wakaangalia. Kamu moja ilikuwa imepishana na alama yake kwa jino moja.

Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Wakafungua, tenshena ikarudi kwenye jiriwa, wakaanza upya. Mara ya pili alama zikakaa. Mzee akamwambia zungusha tena miwili. Zikakaa tena. Ndo funguo ikaingia, na asubuhi iliyofuata, kwenye baridi ile ile, ikawaka bila tak hata moja.

Kwa hiyo mdau mwenye gari ya mkanda, kabla hujanunua rimu nyingine, uliza mkanda wako umebadilishwa lini. Hakuna anayejua? Hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukibadilisha, weka na tenshena na puli zake, na usiondoke gereji mpaka umeiona ile mizunguko miwili kwa macho yako. Jamaa kabandika karatasi juu ya kava, ina tarehe na kilometa kwa maandishi ya mzee. Mdogo wake akija kusalimia, yeye ndo anamrudisha Mbamba Bay.