Kushuka Milima ya Umatengo kwa Miguu Wakati wa Masika

Atokaye Mbinga kwenda Mbamba Bay siku hizi hana kubwa la kusimulia. Barabara ya lami, urefu wake yapata kilomita 66, imezungushwa katika mabega ya milima mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Mtu aliyeondoka Mbinga amevaa koti zito kwa sababu ya baridi ya Umatengo hulivua ziwani kabla ya adhuhuri, wala viatu vyake havina tone la tope. Mji wa Mbinga umekaa juu ya usawa wa bahari kupita mita 1,300, na maji ya ziwa hayafiki mita 500. Basi abiria ateremka mita 800 na zaidi huku amesinzia.

Sisi tuliokwisha kuvuka miaka arobaini na mitano twaikumbuka njia nyingine. Wakati wa masika lori la abiria liliondoka na minyororo imefungwa magurudumuni, na mvua ikizidi watu walilala mlimani usiku mmoja au miwili, wanaume wakisukuma, wanawake wakikata majani ya kutandika chini ya magurudumu. Mwenye haraka aliliacha lori akashuka kwa miguu kwa njia za mkato. Njia hizo zingaliko. Juma la Pasaka tulizifuata nyumba nzima, baba, mama na watoto watatu, si kwa haraka wala kwa kukosa nauli, bali kwa mashindano. Tutaeleza yalivyoanza.

Kijana wetu mkubwa, asomaye Dar es Salaam, alikuja likizo na habari ya mbio za matope. Alitusimulia kwamba huko Uingereza, karibu na mji wa Wolverhampton, mwaka 1987 zilianzishwa mbio zilizoitwa Tough Guy. Watu walikimbia shambani wakati wa baridi kali, wakaingia katika mitaro ya maji, wakatambaa chini ya nyavu, wakapanda kuta za mbao. Mwaka 2010 huko Marekani nako zikaanzishwa nyingine, Tough Mudder, mwendo wa kilomita 16 na zaidi, na shabaha yake kubwa si kumpita mwenzako, bali kumvuta mkono avuke kizuizi pamoja nawe. Watu wazima wenye watoto wao hutoa fedha ili waingie. Hapo Babu yao, aliyekuwa akiota moto, akauliza, "Hulipa, au hulipwa?" Kijana akajibu kwamba hulipa. Mzee akatikisa kichwa, akasogeza kuni.

Wala jambo lenyewe si geni kama lisikikavyo. Yasimuliwa kwamba mwaka 1752, katika nchi ya Ireland, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hata kanisa la Doneraile, wakiruka kuta na mitaro iliyo kati, huku macho yao yakiutazama mnara wa kanisa wasije wakapotea. Mbio za namna hiyo zikapata kwa Kiingereza jina la ule mnara, na jina likahamia kwa wakimbiaji wa miguu, ambao katika mita 3,000 huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7. Ndizo mbio alizokimbia Filbert Bayi wetu huko Moscow mwaka 1980. Aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo alipopitwa na Malinowski wa Poland, akarudi nyumbani na nishani ya fedha. Mwalimu mwenye darasa la jiografia au la michezo aweza kuitumia habari hii apendavyo.

Basi kijana akasema, pasipo kukusudia ubaya, ya kuwa mbio hizo si za watu wa makamo, na kwamba Baba na Mama wasingefika hata kizuizi cha tatu. Mama yake akamwuliza, "Je, wewe umepata kushuka kwa Bibi yako kwa miguu?" Hakupata, siku zote alipanda gari. Msomaji ajue kwamba mmoja wetu ni Mmatengo wa milimani, na mwenzake ni Mnyasa wa karibu na Kilosa, kule chini ziwani. Kati ya nyumba hizi mbili za wazee pana mwendo wa siku moja kwa miguu, kiangazi. Wakati wa masika hakuna ahesabuye.

Sharti zikawekwa usiku ule ule. Tuondoke kwa Babu alfajiri, na mtu wa mwisho kati yetu atie mguu ziwani kabla ya jua kuzama. Hesabu ni ya wa mwisho, si ya wa kwanza. Tukishindwa sisi wazazi, kijana atapewa mbuzi. Tukishinda, atapalilia kahawa ya Babu mpaka siku ya kurudi chuoni. Dada yake wa miaka kumi na mitano akawa shahidi. Mdogo wao wa miaka kumi na mmoja hakuulizwa, naye hakulala.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa ngoro. Mgeni autazamaye mlima wa Umatengo kwa mbali hudhani umetandikwa wavu wa kuvulia samaki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza mistari ya kukatana, ikawa miraba mingi, kila mraba yapata hatua mbili kwa upande. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafukia yale majani, hata hubaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu wa pili. Mvua inyeshapo, maji hukaa shimoni na kuzama polepole, yasipate nguvu ya kuteremka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Ndiyo sababu milima mikali namna hii imelimwa kwa zaidi ya miaka mia moja na ingali ikitoa chakula. Wazee husema kilimo hiki kilipata nguvu katika karne ya 19, wakati Wamatengo waliposongamana milimani kwa kuwakimbia Wangoni. Wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kuitazama kazi hii na kuiandika. Nasi twaona haya kidogo kwamba watoto wetu waliijua kwa jina tu.

Tuta la mtu halikanyagwi. Basi mwenda kwa miguu hana budi kufuata mpaka wa shamba, kijia chembamba cha udongo mwekundu wa mfinyanzi, ulioloweshwa usiku kucha. Kijana wetu, aliyevaa viatu vizuri vya kukimbilia, alianguka mara nne kabla hatujaupita mlima wa kwanza. Tope lilijaa katika nyayo za viatu vile hata vikawa kama vikombe. Baba alivua viatu, akakata fimbo, akashuka ubavu-ubavu, kisigino kwanza. Mama alimshika mdogo mkono. Maana kwa mtu wa makamo kushuka ni kugumu kuliko kupanda: pumzi zipo, lakini magoti hubeba mwili wote kila hatua, na paja hutetemeka kama la mtoto wa ndama. Jambo hilo vijana hawalijui, wala hatukuwaambia.

Wanawake waliokuwa wakichimba ngoro walisimama wakatutazama. Tukawaamkia. Mmoja, mtu mzima sana, akauliza kwa upole, "Poleni. Msiba ni wa nani?" Tukamjibu kwamba hakuna msiba. Akauliza, "Ni mgonjwa?" Tukasema hakuna mgonjwa. Wakatazamana. Kijana wetu akataka kuwaeleza habari ya mbio za Uingereza, lakini maneno hayakumjia vizuri, akanyamaza. Na kwa muda mrefu baada ya hapo hakusema neno.

Nasi tulilizungumza jambo hilo tulipokuwa tukishuka kati ya mikahawa. Je, ni halali kuifanyia mchezo njia ambayo watu hawakuishika wakati wa masika ila kwa kifo au kwa uzazi? Mmoja wetu alisema si halali kabisa. Mwenzake alisema kwamba mtoto asiyeikanyaga kwa mchezo hataikanyaga kamwe, naye ataiona nchi ya wazazi wake kwa dirisha la gari. Hatukupatana. Na mvua ikaanza tena.

Saa sita ikapita ndipo tulipoufikia mto. Ni mto mdogo, wakati wa kiangazi mtoto huuruka. Siku hiyo maji yalikuwa mekundu, yakipiga kelele, na gogo la kuvukia lilikuwa limefunikwa na maji kiasi cha shubiri moja. Kijana alikwisha kukunja suruali. Mama akaketi juu ya jiwe akasema, "Hatuvuki." Kijana akakumbusha jua. Mama akasema, "Najua jua liko wapi. Keti."

Ndipo alipowaambia watoto jambo ambalo hata sisi kwa sisi hatukulitaja mara nyingi. Mwaka 1978, wakati wa masika, mama yake alikuwa amepanda mlimani kwa jamaa kuomba mbegu za maharage. Uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Wanaume wanne wakamchukua kwa machela kumteremsha kwa mkunga, wakaufikia mto huu huu umejaa. Wakamweka chini ya majani ya migomba ng'ambo hii ya juu, na hapo ndipo mtoto wa kike alipozaliwa. "Mtoto yule ndiye mimi," akasema. "Sitawavusha hapa kwa ajili ya mbuzi."

Basi tukangoja. Tulikula viazi vya kuchemsha. Mdogo akasimika kijiti ukingoni, akawa akitangaza maji yanavyopungua kama mwangalizi wa bandari. Mgongo wa gogo ulipoonekana, Baba alijifunga kamba ya katani kiunoni, akalipanda kama apandavyo mtu punda, akasogea kwa kukaa, maana juu yake palikuwa na utelezi wa kijani. Akaifunga kamba kwenye mti wa ng'ambo. Watoto wakafuata mmoja mmoja, mkono mmoja kambani. Kijana, katikati, akatazama chini akaganda. Hatukumcheka. Mama yake, aliyebaki nyuma, akamwita kwa jina lake la utotoni, akamwambia atazame kifua cha baba yake. Akaja. Mama akavuka mwisho, naye hakukaa: alitembea wima, miguu mitupu, kama atembeaye ukumbini mwa nyumba yake.

Baada ya mto nchi hubadilika. Baridi huisha, miti ya porini huanza, kisha mihogo, na joto la ziwa humpiga mtu usoni. Hapo palikuwa rahisi, nasi twapita upesi. Lakini karibu na ziwa pana majaruba ya mpunga, na njia yetu ilikuwa imezama. Tope la huko si jekundu bali jeusi, tena lina vuguvugu, nalo lilimfika mdogo mapajani. Yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Dada yake alipoteza kandambili moja, na mpaka leo imo humo. Magoti ya Baba yalikwisha kukataa. Akawa ahesabu hatua kumi, asimame, ahesabu tena. Watoto walikuwa mbele. Kijana akageuka, akatutazama, akarudi mpaka tulipo. Akautwaa mkono wa baba yake, akauweka begani mwake, wala hakutaja mbuzi.

Mchanga wa pwani ndio uliotumaliza. Jua lilikuwa limeuma ukingo wa ziwa upande wa Malawi. Binti shahidi alisimama majini akipiga kelele, mdogo akirukaruka. Tulipotia miguu majini jua lilikuwa halipo tena, na wavuvi wa usipa walikuwa wakisukuma mitumbwi yao na kuwasha taa. Shahidi akatoa hukumu bila ya upendeleo: tumeshindwa kwa muda mfupi kama wa kusema Baba Yetu mara mbili. Mbuzi akawa deni, na limekwisha kulipwa. Ila kahawa ya Babu nayo ilipaliliwa, na hakuna aliyemwamuru kijana.

Bibi alitupokea mlangoni kwa taa. Watoto wakampa shikamoo, akawaitikia huku akiwatazama toka kichwani hata miguuni, tope jekundu juu, jeusi chini. Alipoambiwa sababu ya safari hakupendezwa, nasi twasema kweli. Aliketi, akauliza habari za wazee wa juu, akauliza habari za maharage. Kisha akamwuliza binti yake, "Mto mliukuta umejaa?"

"Umejaa, Mama."

"Mkangoja?"

"Tukangoja, Mama. Muda wa saa mbili."

Bibi akainuka kuinjika sufuria ya ugali wa muhogo. "Sisi," akasema, "tulingoja mpaka kulipokucha."