Bahari Yaleta Joto, Haileti Jua

Ukishuka stesheni ya Neasden asubuhi ya Januari, utakutana na manyunyu, upepo na watu waliojikunyata ndani ya makoti. Theluji si ya kila siku. Kwenye bwawa la Brent, ambalo wenyeji wanaliita Welsh Harp, mara nyingi utakuta mabata yanaogelea kama kawaida.

Sisi wa pwani tunaujua upepo. Kaskazi ikivuma, Tanga na Unguja hupata joto. Kusi ikishika, hali hupoa. Hata huku ni vivyo hivyo: upepo hubeba hali ya kule ulikopita.

Chukua ramani, uvuke Atlantiki kwenda magharibi moja kwa moja. Utafika ncha ya rasi ya Great Northern, kisiwani Newfoundland, Kanada. Mji wa St. Anthony uko nyuzi 51 kaskazini, kama London. Lakini kule bahari yenyewe huganda wakati wa baridi, na baridi ikipungua milima ya barafu hupita ikielea.

Kwa nini? Kule, mkondo wa Labrador hushusha maji baridi kutoka Aktiki, na upepo wa magharibi hutokea bara lililoganda. Huku kwetu, upepo wa magharibi umeshapita juu ya bahari iliyotunza joto la kiangazi, ikaongezewa na mikondo ya vuguvugu inayotoka upande wa Ghuba ya Meksiko. Maji hupoa polepole kuliko nchi kavu. Ndiyo maana Neasden tunalowa zaidi kuliko tunavyoganda.

Sasa sikilizeni, wazazi wenzangu. Joto husafirishwa na bahari, jua halisafirishwi. Mwishoni mwa Desemba, Neasden na St. Anthony wote hupata mwanga chini ya saa 8 kwa siku. Naingia zamu gizani, natoka gizani. Nilipokuwa nasomea diploma ya uuguzi nyumbani, kukosa jua halikuwa jambo la kututisha. Hapa ni jambo la kila mwaka. Tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la Uingereza halitoshi kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Ikipungua sana, watoto hupata matege, na watu wazima huumwa mifupa.

Ushauri wa afya wa hapa ni mikrogramu 10 kwa siku wakati wa majani kupukutika na wa baridi. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapewe mwaka mzima, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kufanya hivyo pia. Kwa mtoto mchanga, muulize mkunga au nesi wako.

Mama akipiga simu kutoka Tanga huuliza, "Baridi vipi huko, mwanangu?" Namjibu, "Baridi tunaiweza, mama. Giza ndilo la kuchunga."