Mkuyu wa Zakayo na mkuyu wa Kakuyuni

Najua nimepotea. Wiki 3 nzima sijaandika hata mstari mmoja wa programu nje ya kazi ya mwajiri. Sababu ni maua. Ndiyo, maua. Msicheke, ngojeni niwasimulie.

Kisa kilianza na simu kutoka kwa shangazi yangu, Kakuyuni. Kwa wasiopajua, ukitoka Malindi unapita Ganda, unafuata barabara ya kuelekea Tsavo Mashariki, na hapo ndipo kwetu. Shangazi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Walikuwa wameamua kufanya Jumapili ya maua: kanisa lipambwe, makanisa jirani yaalikwe, na sadaka ya siku hiyo iende kwenye mabati ya paa. Walisikia kwamba Uingereza makanisa hufanya hivyo, kila pambo likifuata aya fulani ya Biblia.

"Wewe si una kompyuta?" akaniuliza. "Basi tutolee picha 4 za maua ya kwenye Biblia, kubwa kubwa, tuzitundike."

"Hiyo ni kazi ndogo, shangazi."

Kama umewahi kuandika programu, unajua miradi inayoanza na maneno hayo huishia wapi.

Toleo la kwanza

Nilifanya alivyofanya kila mvivu. Nikaingia kwenye intaneti, nikatafuta maua ya Biblia, nikapata lili jeupe la Ulaya na waridi jekundu. Nikayapanga kwenye GIMP, nikaenda Malindi kuchapisha kwa karatasi za A3. Shilingi 1,800 za kikundi cha akina mama zikaondoka. Waridi likatoka na rangi ya matofali.

Hilo la rangi lilikuwa kosa langu mwenyewe, wala si la mchapishaji. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Printa hutumia wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kuna nyekundu kali ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi kabisa. Ukituma faili bila kuibadilisha kwanza na kuona itakavyotoka, mashine inakuchagulia rangi iliyo karibu. Nilijua haya yote na sikuyafanya.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Shangazi aliitazama picha ya lili kwa muda, kwa adabu.

"Mwanangu, hili jeupe ni ua gani?"

"Ni lile la Wimbo Ulio Bora 2:1, shangazi."

Akafungua Biblia yake, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa pameandikwa nyinyoro. Nyinyoro mimi naijua. Si nyeupe."

Nilinyamaza. Nyinyoro ni ile inayotoka ardhini mvua za masika zikianza, shina moja na juu yake mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, utadhani fataki iliyosimama. Wataalamu wa mimea wanaiita Scadoxus multiflorus. Biblia ya Muungano, ile iliyotoka kamili mwaka 1952, ndilo ua iliyolitaja. Neno la Kiebrania hapo ni shoshana, ndilo lililotupa jina Susana, na wataalamu hadi leo hawakubaliani lilikuwa ua gani hasa. Watafsiri wetu walichagua ua ambalo msomaji wa huku anaweza kulikuta njiani. Mimi, mtoto wa huku, nikaenda kulitafuta Ulaya.

Jina likibadilika, watumiaji hulalamika

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mfano mzuri ni mmea wa Yona, ule uliompa kivuli ukanyauka kesho yake. Biblia yetu inasema mtango. Wataalamu wengi wanaona neno la Kiebrania lamaanisha mbarika. Zamani Yeronimo, alipokuwa akitafsiri kwa Kilatini, aliacha neno lililozoeleka la jamii ya maboga akaweka jina la mmea mwingine kabisa, utambaao ukutani. Mwaka 403 Agostino akamwandikia barua: askofu wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libya, alisoma tafsiri hiyo mpya na waumini wakafanya ghasia hadi akalazimika kurudisha neno la zamani.

Wenzangu, hiyo ni kama kusukuma toleo jipya Ijumaa jioni bila kumwambia mtu. Neno moja tu, tena la mboga!

Basi nikaamua kuanza upya, safari hii kwa mkono. Shuleni nilikuwa nachora. Nikanunua rangi za maji, karatasi nzito na brashi 3. Mwalimu wangu akawa Joy Adamson. Wengi tunamjua kwa simba Elsa na kitabu chake cha 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea ya Kenya, na mwaka 1947 chama cha bustani cha kifalme cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu kwa kazi hiyo. Makumbusho ya Taifa yana michoro yake. Somo la michoro ya aina hii ni kwamba huchori pambo. Unachora ushahidi: jani mbele na nyuma, ua zima, halafu ua lililopasuliwa ili mtu aone lilivyoundwa.

Nyinyoro ikanichukua siku 4. Ua la mtango, siku 2. Maua ya Mathayo 6 niliyatoa kwenye shamba la mahindi la shangazi, yale madogo ambayo jembe huyafyeka bila huruma. Ikabaki picha moja.

"Chora mkuyu," shangazi akasema. "Zakayo alipanda mkuyu, na sisi tunakaa Kakuyuni."

Kweli. Lisikilize jina lenyewe: Ka-kuyu-ni. Sikio langu halisikii kingine humo ila mkuyu. Na mti wa Luka 19, kule Yeriko, ni mkuyu huuhuu, Ficus sycomorus, si binamu wala jirani.

Pingamizi

Habari zikamfikia mzee mmoja wa kanisa. Akaja nyumbani, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Kijana, mti huo tunaujua. Watu wana mambo yao chini yake. Ukiuleta kanisani, unaleta na wenyewe."

Shangazi akauliza kwa upole, "Mzee, na Zakayo alipanda nini?"

"Alipanda mkuyu," mzee akajibu. "Lakini aliambiwa ashuke."

Sikuwa na la kusema. Akaongeza, "Halafu hii ni Jumapili ya maua. Nani kati yenu amewahi kuona ua la mkuyu?"

Hapo alitushika. Mimi pia sikuwahi kuliona. Nikamwomba twende pamoja kesho yake asubuhi hadi kwenye mkuyu ulio kando ya mkondo, ambao wakati huo ulikuwa mkavu. Akakubali, akaja na kisu chake.

Kuyu hutoka vichanani kwenye shina na matawi makubwa. Tukachagua moja bichi, mzee akalipasua katikati. Utomvu mweupe ukamtapakaa vidoleni. Ndani, ukuta mzima ulikuwa umejaa vinyuzi vidogo vilivyosongamana, mamia. Nikampa miwani ya kukuzia. Hayo ndiyo maua. Tunda la mkuyu ni kifuko cha maua yaliyogeukia ndani. Nyigu mdogo kuliko punje ya mtama huingia kwa tundu la juu, huleta chavua, hutaga mayai na kufia humohumo. Watoto wake wa kike hutoka na chavua mpya kwenda kuyu jingine.

Nilimsimulia pia nililolisoma: Misri na Palestina mkuyu ulipandwa tangu kale, lakini nyigu huyu hayuko huko. Kwa hiyo mti hauzai mbegu, watu huupanda kwa vipandikizi, na wakulima walikuwa wakichanja matunda kwa kisu ili yaive. Nabii Amosi alijitambulisha kwa kazi ya mikuyu. Huku kwetu mti una nyigu wake na unajizalisha wenyewe.

Mzee alikaa kimya, kuyu mkononi. "Nilipokuwa nachunga mbuzi nilikuwa nayala haya," akasema. "Napuliza wadudu, nakula. Kumbe nilikuwa nakula maua." Akakifuta kisu kwenye jani. "Chora. Lakini chora na lililopasuliwa, watu waone."

Siku yenyewe

Nilichora tawi, jani, kichane, na chini kabisa kuyu lililopasuliwa, mara 6 ya ukubwa wake. Safari hii sikuchapisha. Tulitundika michoro yenyewe, kila mmoja na aya yake. Mkuyu haukuwekwa mbele. Uliwekwa ukuta wa pembeni, karibu na mlango, hayo yakiwa makubaliano na mzee. Watoto walijazana hapo kuliko kwingine kote, na aliyekuwa akiwaeleza habari za nyigu ni yeye mwenyewe mzee, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akizijua.

Sadaka haikutosha paa lote. Ilitosha upande mmoja. Zile shilingi 1,800 nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu.

Michoro nimeiskani kwa nukta 300 kwa inchi, na nimeihifadhi mahali pawili tofauti, kama ninavyowahubiria kila siku. Nyekundu ya nyinyoro bado inakataa kutoka sawa kwenye skrini yangu. Masika yakija, nitarudi shambani na kompyuta mgongoni niilinganishe na ua lenyewe.