Mwisho wa Kinguruwe

Hakuna kinachouma kama kuagwa vibaya. Mtu mmeishi naye miaka, siku ya kuondoka anakupungia mkono akiwa ameshakupa mgongo. Ndivyo walivyotufanyia wale jamaa wa Tales from the Crypt.

Kwa wasioifahamu, ni mchezo wa kutisha wa Kimarekani ulioanza mwaka 1989 katika televisheni ya HBO. Kila kisa kina waigizaji wake, na anayekukaribisha ni maiti iliyokauka, Crypt Keeper, mwenye kicheko cha kukutoa roho. Visa vingi vilichotwa kwenye vitabu vya katuni vya EC vya miaka ya 1950. Jumla yake ni 93.

Na vilikuwa visa kweli! Mwaka 1990 Arnold Schwarzenegger mwenyewe aliongoza kimoja, The Switch. Mzee tajiri kampenda binti, basi ananunua uso wa kijana, kisha kiwiliwili, kisha miguu, mpaka pesa zinakata. Anarudi mtanashati lakini kapuku. Kumbe binti kaolewa na yule aliyeuza ujana wake, maana sasa ndiye mwenye nazo! Hapo huhitaji jini wala popobawa. Tamaa peke yake inatisha.

Mimi na kaka yangu tuliviangalia vyote usiku baada ya usiku, kwa sababu alipata kazi Mtwara na tulitaka tuvimalize kabla hajasafiri. Kile cha 93 tukakiweka kwa usiku wa mwisho. Kinaitwa The Third Pig, kilionyeshwa Julai 19, 1996.

Loh! Katuni. Wale nguruwe watatu wa hadithi za watoto wa Kizungu. Mbwa mwitu anawamaliza wawili, Drinky na Smokey, halafu kesi anabambikiwa wa tatu, Dudley. Naye anatengeneza zimwi kutokana na mabaki ya nduguze ili alipize kisasi. Damu kibao, utani kibao, hofu hakuna. Usanii mtupu!

Sisemi hadithi za wanyama ni mbovu. Bibi zetu walitutisha kwa fisi tukashindwa hata kwenda uani. Lakini fisi wa bibi unamjua, ni yule jirani mroho, au ni wewe mwenyewe. Kwa Dudley hujiulizi kitu. Nguruwe akifa, kafa nguruwe.

Na kisa cha 94 hakuna. Kaka akaniangalia: "Mdogo wangu, ndiyo imeisha hivi?"

Hatukukubali. Tukarudia The Switch, kisha kingine, kisha kingine, tukibishana na kucheka mpaka saa nane usiku. Saa kumi na moja alikuwa kituo cha basi, macho mekundu, bado anaiga kile kicheko cha maiti.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiwa na mtu wa kumuaga, usiiachie televisheni ikuagie. Tukutane wiki ijayo.