Mgongo Ndio Mizani

Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu mmezoea kuniona nikijadili vina, ngeli na methali. Leo naomba radhi, kwani nimekuja na habari za vyuma. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mkazi wa Tandika, wilaya ya Temeke, na umri wangu umepita miaka 60. Kwa mwaka mmoja sasa, kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri, huingia katika jimu iliyo nyuma ya gereji ya mtaani kwetu ili kuimarisha misuli ya mgongo na ya mkono. Sikwenda huko kutafuta umbo. Nilipelekwa na aibu.

Mwenzangu wa maisha alipatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Watoto wana miji yao, hivyo mchana hubaki sisi wawili. Siku moja nilimnyanyua kutoka kitandani nimkalishe kitini. Mikono ikaishiwa nguvu njiani, mgongo ukanichoma, tukashuka sote hadi sakafuni. Kwa rehema za Mungu hakuumia. Tulikaa pale chini, tumeegemea kitanda, mpaka kijana wa jirani alipoitikia wito wangu. Mwenzangu akasema, “Mwalimu, miaka yote hiyo kumbe umebeba chaki tu.” Tulicheka, lakini usiku ule sikulala.

Alisema kweli. Nilisomea ualimu Chang’ombe, katika chuo ambacho mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Mchakamchaka wa alfajiri tuliukimbia sana, ukaniachia miguu na mapafu. Baada ya hapo niliinamia madaftari kwa zaidi ya miaka 30, mabega yakaja mbele kama mabawa ya kuku aliyenyeshewa. Mgongo nilikuwa nao, ila sikuwahi kuupa kazi.

Jimu yetu haina makuu. Kuna gia za magari zilizochomelewa kwenye vyuma, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, na mtambo mmoja wa kuvutia waya. Siku ya kwanza vijana waliniamkia, nikawaitikia, kisha nikaenda moja kwa moja kwenye kile ambacho kila mgeni hukikimbilia: kukunja mkono mbele ya kioo. Nilichukua chuma kizito, nikakirusha kwa kiuno na mabega. Baada ya wiki tatu kano za kiwiko ziliuma, na mgongo ulikuwa vilevile. Kijana mmoja akatabasamu, akaniambia, “Mwalimu, msuli tembo, matokeo sisimizi.”

Kwa msomaji asiyepitia shule za Tanzania, nieleze kwamba “kupiga msuli” ni kusoma kwa bidii, na msemo huo humpata yule anayekesha na vitabu kisha akafeli. Niliwasikia wanafunzi wakirushiana kwa miaka mingi. Safari hii ulinirudia mwenyewe, tena kwa maana ya msuli halisi.

Kocha, kijana anayeweza kuwa mwanangu wa mwisho, alinivuta pembeni. “Mzee wangu, mkono ni ndoana tu. Anayevuta ni mgongo.” Akaniwekea kiganja chini ya kwapa ili niuhisi msuli wenyewe. Msuli huo ndio mpana kuliko yote ya mgongo. Huanzia chini, kwenye uti wa mgongo na nyonga, ukapanda hadi kujishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono. Kazi yake ni kuuleta mkono kutoka juu kuja chini, na kutoka mbele kurudi nyuma. Katikati ya makombe ya mabega ipo misuli mingine inayoyakutanisha. Baisepsi nayo, ambayo jina lake la Kilatini lina maana ya “vichwa viwili” kwa kuwa huanza na mashina mawili begani, hukunja kiwiko na kugeuza kiganja kitazame juu. Katika mivuto mingi ya mgongo yenyewe ni msaidizi. Ukiichosha kwanza, mgongo haupati kazi ya kutosha, kwani msaidizi ameanguka kabla fundi hajaanza.

Basi nikafundishwa upya. Zoezi la kwanza ni kuvuta kutoka juu. Unakaa, unashika gongo la chuma lililofungwa kwenye waya unaopita katika kapi, unalishusha hadi juu ya kifua. Usiwaze mikono, waza viwiko vikielekea kwenye mifuko ya suruali. La pili ni kuvuta kama mpiga makasia: kiwiliwili kimetulia, gongo linakuja kitovuni, makombe ya mabega yanakutana. Pumzi hutoka wakati wa kuvuta. Kisha unarudisha chuma polepole kwa hesabu ya tatu, kwa maana kurudisha ni nusu ya zoezi. Uzito unaofaa ni ule unaokufikisha kwenye rudio la mwisho bila kujipinda. Ukiwa mwepesi ndipo unaongeza kidogo. Na siku za kupumzika zisiibwe, kwa sababu misuli hujengeka wakati wa mapumziko.

Hapo ndipo ushairi uliponisaidia. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16: 8 za ukwapi na 8 za utao. Nikapanga hivi: marudio 8 ya kuvuta kutoka juu ni ukwapi, napumzika, halafu marudio 8 ya kupiga makasia ni utao. Nikirudia mara nne, ubeti umetimia kwa mizani 64. Mwisho kabisa nakunja mikono kwa mizunguko miwili, viwiko vimebana mbavu, kiuno hakichezi. Hicho ndicho kibwagizo.

Nikawaza juu ya wanafunzi niliowafundisha kutunga. Wengi walivikimbilia vina, kwa sababu vina husikika upesi na kusifiwa. Mizani wakaipuuza, na shairi likachechemea. Baisepsi ni vina: iko mbele, kila mtu anaiona. Mgongo ni mizani: hauonekani na mwenyewe, lakini ndio unaobeba mshororo mzima.

Vijana nao wamepata chao. Kocha aliniuliza baisepsi ni nini kwa Kiswahili. Nikamjibu kwamba ni tafu ya mkono, au shavu la mkono. Wakaangua kicheko, lakini tangu hapo hutangaza, “Leo ni siku ya mgongo na mashavu!” Wao wamenifundisha kwamba wanachofanya ni “kupiga tizi”, nami nimelipokea neno hilo bila kulisahihisha. Nanyi wasomaji, kwenu shavu la mkono huitwaje?

Nyumbani mambo yamebadilika kwa kiasi chake. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinionya nisimvute mwenzangu kwa mkono uliolegea wala kumnyanyua kwa makwapa, maana bega lile ni rahisi kuumia. Sasa namfunga mkanda mpana kiunoni, nasogea karibu, nakunja magoti, nanyoosha mgongo. Tunahesabu pamoja hadi tatu. Yeye anasukuma kwa mguu wenye nguvu, mimi navuta kwa mgongo. Hajapona, na mimi sijawa kijana. Lakini hatujafika tena sakafuni.

Wiki iliyopita, nikiwa nimemshika hivyo kati ya kitanda na kiti, aliukagua mkono wangu kwa jicho la mkaguzi wa shule. “Mwalimu, mbona shavu lenyewe silioni?”

“Vina bado,” nikamjibu. “Mizani ndiyo imetimia.”

“Haya, basi nishushe polepole. Si ulisema kurudisha ni nusu ya zoezi?”